Tuache Kwenda Mombasa kwa Kalamu

Na mwanachama wa kidato cha tatu

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea nijibu swali moja, tena kimoyomoyo nisije nikakuaibisha mbele za watu: insha yako ya kwanza ya muhula huu ilikupeleka wapi? Kama ilikupeleka Mombasa, usihamaki, hauko peke yako. Darasani kwetu tuliandikishwa insha "Likizo Nisiyoweza Kuisahau" siku ya pili tu baada ya shule kufunguliwa. Mwalimu alipoyarudisha madaftari alitutazama kwa muda, akatabasamu, kisha akatuambia kwamba zaidi ya nusu ya darasa tulikuwa pwani mwezi wa Agosti. Ajabu ni kwamba hatukukutana huko hata siku moja.

Sasa, kwetu ni karibu na soko, na mwenye macho haambiwi tazama. Wasafiri hao wa pwani niliwaona mimi mwenyewe Agosti hiyohiyo. Mmoja alikuwa akisukuma baiskeli yenye gunia la mahindi kuelekea kwenye mashine ya kusaga unga. Mwingine alikuwa na fimbo mkononi akifukuza kuku wa jirani kwenye mahindi yaliyoanikwa. Wa tatu alikuwa amebebeshwa mtoto mgongoni na kikapu cha sukumawiki kichwani. Hao hao ndio walioandika jinsi "upepo mwanana wa Bahari Hindi ulivyowapapasa nyuso". Mmoja wao alipanda SGR "kutoka stesheni ya Kakamega mjini", stesheni ambayo mpaka leo haijajengwa. Treni hiyo ilianza kubeba abiria baina ya Mombasa na Nairobi mwaka wa 2017, na honi yake bado hatujaisikia mjini kwetu. Mwingine, na huyu namheshimu kwa ujasiri, alisalimiana na Wareno kwenye lango la Fort Jesus. Wareno waliijenga ngome ile kati ya mwaka wa 1593 na 1596, na Waarabu wa Omani wakawatoa humo mwaka wa 1698. Ndugu yetu alichelewa kwa zaidi ya miaka mia tatu, lakini salamu akaletewa!

Sina ugomvi na Mombasa. Ni mji wa kale, ni mji wa Kiswahili chenyewe tunachokienzi katika chama hiki, na aliyejaaliwa kufika na atusimulie tufaidi. Ugomvi wangu ni na haya. Kwa nini mwanafunzi aliyekaa nyumbani majuma matatu akavuna, akapika, akacheka na nduguze, akatembea akaona mambo, aione likizo hiyo kuwa kitu cha kuficha kama shati lililotoboka?

Mimi nasema tunajifunza haya hiyo hapa hapa shuleni. Tukirudi bwenini siku ya kwanza, mtu akiulizwa alikuwa wapi akajibu "ushago, nikivuna," utasikia kicheko kutoka vitanda vya juu hadi vya chini. Basi muhula ufuatao naye atakuwa na shangazi Nyali. Walimu wetu nao, kwa heshima zote, wana sehemu yao ndogo. Mwanafunzi akiambiwa aandike likizo asiyoweza kuisahau, huona moja kwa moja kwamba anayoijua si hiyo. Hiyo ni ya watu wengine wenye magari. Na akiandika mawimbi, minazi na machweo hupata alama, kwa kuwa maneno hayo yamo katika vitabu vya insha tunavyokariri. Akiandika magunzi, hajui hata kama yanaitwa magunzi.

Hebu basi niseme Agosti ya kwetu ilivyo, bila chumvi ya bahari.

Huku Agosti ni mwezi wa mavuno. Mahindi tuliyopanda mwezi wa Machi huwa yamekauka yakainamisha vichwa, na mvua nayo bado haijaaga. Hapo ndipo penye kazi. Mabua hukatwa yakasimamishwa pamoja kama mahema ya kambi, mahindi yakatolewa maganda, yakabebwa nyumbani, yakapukuchuliwa, yakaanikwa juu ya turubai uani. Na mvua ya Kakamega haina adabu. Asubuhi jua linawaka hadi unavua sweta, lakini ikigonga saa tisa alasiri wingu jeusi linajitokeza bila hodi. Nyanya hupiga yowe moja tu, "Mvua!", na boma zima likatimka: baba aliyekuwa akisoma gazeti, mjomba aliyekuja kusalimia na suruali yake ya kanisani, mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi tu. Kila mtu ameshika pembe ya turubai. Ndani ya dakika tatu mahindi yako sebuleni, kuku wawili wamefunikwa humo humo wanalalamika, nasi tumeketi juu ya magunia tukicheka huku mabati yakipigwa hata hatusikizani. Niambieni, wenzangu, ni hoteli gani ya ufuoni yenye burudani kama hiyo?

Usiku ndipo tunapopukuchua. Mahindi humwagwa katikati ya sebule, watu wakakaa kuyazunguka, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja na beseni lake. Vidole gumba huuma siku ya kwanza, siku ya tatu vimekomaa. Magunzi hutupwa pembeni, nayo hayapotei, ndiyo yatakayochemsha chai ya asubuhi. Hicho kikao ndicho bunge la familia. Baba, ambaye siku nyingine maneno yake kwangu ni "umesoma?" na "zima taa", usiku huo hufunguka akasimulia walivyokuwa wakienda shule miguu mitupu na jinsi babu alivyouza ng'ombe akalia. Dada zangu humcheka, mama humsahihisha miaka, na nyanya huwasahihisha wote wawili.

Ni katika kikao hicho, Agosti iliyopita, nilipomsikia mama akihesabu. Tulikuwa tumepata magunia kumi na moja. Saba, alisema, yatatufikisha Machi kama wageni hawatazidi. Manne hayakuwa ya kula. Manne yalikuwa karo yangu ya muhula wa tatu. Alilisema hilo bila kuinua macho, kama mtu anayetaja bei ya sabuni, akaendelea kupukuchua.

Ndiyo sababu jambo hili mimi silioni kuwa mzaha mtupu, ingawa nimelicheka. Mtu aliyelipiwa karo kwa mahindi, akanunuliwa daftari kwa mahindi na kalamu kwa mahindi, anaketi darasani na kalamu hiyo hiyo kuyafuta mahindi katika maisha yake, na kumfuta pamoja nayo mama aliyeyapukuchua. Anaweka mahali pake mama mwingine, mwenye miwani ya jua, aliyeketi chini ya mnazi akinywa madafu. Wahenga waliposema mkataa kwao ni mtumwa, sidhani waliwaza watumwa wa namna hii wanaojiuza kwa alama ishirini.

Kuna wanaosema kwamba shambani hakuna cha kujifunza. Haya. Katika bayolojia tumesoma vimelea tukachora michoro tukaipaka rangi. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kung'oa kayongo? Gugu hili lina maua mazuri ya rangi ya zambarau, nawe ukilitazama utadhani ni pambo. Kumbe chini ya ardhi mizizi yake imejishikiza kwenye mizizi ya mahindi inayanyonya, na mahindi yanadumaa na kukunjamana kana kwamba hayajanyeshewa. Mmea mmoja hutoa mbegu ndogo kama vumbi, maelfu kwa maelfu, zinazoweza kukaa udongoni miaka mingi zikingoja mahindi yapandwe. Kwa hiyo lazima uling'oe kabla halijachanua, la sivyo unawaachia wajukuu deni. Jirani yetu amepanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na nyasi za tembo kuzunguka shamba. Ni ile mbinu ya vuta-sukuma iliyotoka kwa watafiti wa icipe kule Mbita, ufuoni mwa Ziwa Viktoria: desmodiamu huzuia kayongo na kuwafukuza nondo wanaotaga mayai yanayoangua viwavi vya mahindi, nyasi nazo huwavuta nondo hao kando. Ng'ombe hula vyote viwili. Huo ni ukurasa mzima wa bayolojia, na mimi niliuelewa nikiwa nimeshika jembe.

Nyuma ya jikoni ndiko kwenye bustani ya nyanya. Si kubwa, ukirusha jiwe linavuka. Lakini humo mna mnavu, kunde, mgagani, mrenda, mchicha, mboga ya maboga inayotambaa hadi kwenye choo, na nderema iliyopanda juu ya ua. Mrenda peke yake ni somo. Hauchemshwi ovyo ovyo. Nyanya huchoma maganda makavu ya maharagwe, akaweka majivu yake kwenye chombo chenye matundu, akapitisha maji juu yake polepole; yale maji yanayodondoka ndiyo musherekha, na hayo ndiyo yanayolainisha mboga na kuipa ladha yake. Ukizidisha, mboga inakuwa chungu na nyanya hatakutuma tena wiki nzima. Mboga chungu kama mgagani yeye huichanganya na kunde, akatia maziwa, akaichemsha jioni ili iliwe kesho. Ikilala chunguni hulainika.

Wapo wenzetu wanaoziita mboga hizi chakula cha shida. Wakumbushwe kwamba Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mzaliwa wa huku huku magharibi, ameutumia muda mwingi wa kazi yake akizifanyia utafiti, na mwaka wa 2010 Umoja wa Afrika ulimtuza kwa kazi hiyo. Mnavu una madini ya chuma na vitamini kuliko kabeji tunayolishwa hapa shuleni kila Jumanne. (Naomba mpishi asiudhike, kosa ni la kabeji.) Sisi tunaziruka bustanini kwenda kuandika insha kuhusu pweza ambaye hatujamwonja.

Tena likizo si jembe tu. Kazi ikiisha watu hutembea, na hapa ndipo ninaposhangaa zaidi, maana tunatamani safari za mbali ilhali za karibu hatujazimaliza. Wageni hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kuuona Msitu wa Kakamega, kipande cha mwisho nchini Kenya cha msitu wa mvua wa aina ile ya Kongo, na mimi nina wanadarasa wanaoishi umbali wa kutembea kwa miguu ambao hawajawahi kuingia ndani kuliko mahali kuni zinapookotwa. Sehemu ya kaskazini, yaani Buyangu na Kisere, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka wa 1985. Kisere kuna kima wa De Brazza, mzee mwenye ndevu nyeupe anayekutazama kama naibu wa mwalimu mkuu. Kuna mbega wanaoruka na makoti yao meusi kwa meupe. Kuna ndege mkubwa wa rangi ya buluu mwenye kishungi cheusi kichwani, na akilia utadhani kuna mtu anayemkimbiza. Mkenya hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa ng'ambo.

Sisi tulikwenda upande wa kusini, tukapanda kilima cha Lirhanda: mimi, dada zangu na binamu wawili waliotoka Nairobi wamevaa raba nyeupe. Raba hazikurudi nyeupe. Huko juu unauona msitu wote umetandazwa kama zulia, na ubavuni mwa kilima kuna shimo la wachimba dhahabu wa zamani, sasa ni makao ya popo. Kumbe mwanzoni mwa miaka ya 1930 Kakamega ilivamiwa na watafuta dhahabu kutoka kila pembe! Historia hiyo tunaipita kila siku tukienda sokoni. Jiwe la Ilesi nalo, lile linalotiririkwa na maji kama machozi kando ya barabara ya Kisumu, wengi wetu tumeliona kutoka dirisha la matatu tu, tena tukiwa tumelala.

Na fahali je? Asubuhi ya Jumamosi ukisikia pembe na ngoma za isukuti zikija barabarani, ujue fahali anasindikizwa kwenda uwanjani. Mchezo wa Waisukha na Waidakho si kama ule wa Uhispania ambako mtu humwua fahali kwa upanga. Hapa ni fahali kwa fahali, na anayeshindwa hukimbia zake nyumbani mambo yakaisha. Kukimbia kwake ndiko kwenye hatari, kwa kuwa hachagui njia. Ile methali ya kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, mimi nimeiona kwa macho, ila zilizoumia zilikuwa viazi vitamu vya mama mmoja aliyekuwa pembeni, akadai fidia papo hapo, akalipwa kwa michango huku watu wakicheka. Ngoma yenyewe ya isukuti iliorodheshwa na UNESCO mwaka wa 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Someni tena: kwa haraka. Wapigaji wanazeeka na vijana hawajifunzi. Vijana hao ni akina nani? Ni sisi, tulioko Nyali.

Najua nitakayojibiwa. Wasichana wa darasa langu walinijibu kabla hata sijamaliza kuandika: "Wewe unasifu likizo ya nyumbani kwa sababu ukitoka shambani unanawa miguu unaenda kuangalia fahali. Sisi tunaingia jikoni." Hilo ni kweli, tena halina ubishi. Nyumba nyingi kazi ya mvulana ina mwisho, ya msichana haina. Siioni sababu ya mtu aliyejifunza kupukuchua ashindwe kujifunza kuosha sufuria, na wazazi watakaolisoma gazeti hili siku ya wazazi nawaomba walitazame jambo hilo kabla ya Desemba.

Wengine watasema likizo ni ya tuisheni, na kwamba anayepalilia mwenzake anasoma. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza wanafunzi kufanyishwa masomo ya likizo, lakini sote tunajua yanavyofanywa chini kwa chini, kwa majina mengine, na pesa zinavyotafutwa hata kwa kuuza gunia ambalo lingeliwa. Mimi vitabu vyangu nilivisoma Agosti, saa mbili kila asubuhi kabla ya umande kukauka, maana mahindi mabichi kwa umande hayavunwi. Muda ulitosha. Ambaye nyumbani kwao hana hata hizo saa mbili kwa sababu ya kazi, huyo ana haki ya kulalamika, nami namuunga mkono.

Basi ninaomba nini? Kwanza kwa wenzangu: mtu akisema alikuwa ushago, vitanda vya juu vinyamaze. Kwa walimu wetu wapendwa, naomba mtubadilishie vichwa vya insha. Tuandikisheni "Namna ya Kuanika Mahindi Katika Nchi ya Mvua". Tuandikisheni "Mpe maelekezo mgeni asiyejua kupika mrenda". Hapo hakuna wa kukariri, na hakuna shangazi wa kutungwa. Tena mtagundua kinachotutesa hasa, ambacho ni msamiati. Tunayo maneno kumi ya bahari na hatuna matatu ya shamba.

Nimeanza mwenyewe. Nilimwomba nyanya anitajie mboga zote za bustani yake kwa lugha yetu, kisha nikazitafutia Kiswahili katika kamusi ya maktaba na kwa mwalimu mlezi. Lisutsa ni mnavu, tsisaka ni mgagani, likhubi ni kunde, murere ni mrenda. Zimenishinda mbili. Moja ni kanzira, inayofanana na sukumawiki lakini jani lake ni laini na lina ukali kidogo. Ya pili ni miro, ambayo Wajaluo huiita mitoo, yenye maua ya manjano na maganda yanayolia kama kayamba yakikauka. Aliye na jina la Kiswahili la mojawapo aniletee kwenye mkutano wa chama Alhamisi, baada ya michezo. Nyanya ameahidi mbegu.